Malaria katikati ya risasi! Wachezaji wa Far Cry wanagombania nini?

UMETUMWA kuua mtu. Umeshuka uwanja wa ndege, umepanda teksi, na njia nzima dereva anakusimulia mambo ya vita. Nje nyasi zinaungua, wenye silaha wanasimamisha gari kizuizini. Kabla hujafika hotelini jasho linaanza kukutoka, macho yanaingia ukungu, kichwa kinagonga kama ngoma. Puu! Chini. Ukizinduka, yule yule uliyetumwa kumuua yuko kando ya kitanda chako, anasoma karatasi zako, wala hana wasiwasi. Kilichokuangusha siyo risasi. Ni malaria!

Mpenzi msomaji, usishtuke. Hiyo siyo sinema wala habari ya polisi. Ndivyo unavyoanza mchezo wa kompyuta uitwao Far Cry 2, uliotoka Oktoba 2008, na nchi unayoangukia ni nchi ya Kiafrika isiyo na jina. Miaka imepita, matoleo mengine yametoka chungu nzima, lakini ukitaka kuwasha moto kijiwe chochote cha wacheza gemu uliza swali moja tu: Far Cry ipi ndiyo bora? Ukishauliza kaa pembeni. Hawatasikilizana mpaka jogoo awike.

Wiki hii tumeona si vibaya kuwafikishia ugomvi huo, hata ninyi ambao gemu mnayoijua ni ya mpira tu. Sababu ni kwamba ndani yake kuna jambo letu. Wengi wa wanaogombana hawajakanyaga Afrika hata siku moja, na wanachogombania ni kama ile Afrika waliyoichezea ilikuwa tamu au chungu. Sisi tuliomo humu ndani hakuna aliyetuuliza.

NDUGU WATATU, NDUGU WATANO

Kwanza tuelewane. Far Cry ni michezo ya kufyatua risasi ambayo unaona kwa macho ya mhusika mwenyewe: mbele yako ni mikono yako na mtutu wa bunduki, basi. Na ramani iko wazi. Hakuna wa kukushika mkono akuambie pita hapa, simama pale. Unataka kuvamia kambi usiku kwa kunyata? Haya. Unataka kuingia mchana kweupe na gari huku unapiga honi? Shauri yako.

Toleo la kwanza lilitoka Machi 2004. Lilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Crytek, ambayo waanzilishi wake ni ndugu watatu wenye asili ya Uturuki: Cevat, Avni na Faruk Yerli. Waliolitia sokoni ni Ubisoft ya Ufaransa, nayo ni kampuni ya ndugu, akina Guillemot watano, walioianzisha mwaka 1986. Mhusika alikuwa Jack Carver, mzungu wa shati jekundu la maua, kapotelea visiwani. Wakati ule ramani ilikuwa bado ya vipande vipande, lakini vipande vipana, na watu walishangaa kuona bahari inang'aa vile ndani ya kompyuta.

Ugomvi wa kwanza ukaanzia hapo hapo. Nusu ya mwanzo, askari wa kukodi na minazi, kila mtu aliikubali. Nusu ya pili yakaja majitu yaliyogeuzwa maumbile maabara, yanakurukia kutoka vichakani, na washabiki wakagawanyika. Mpaka leo wapo wanaosema mchezo uliharibika siku ile jitu la kwanza lilipotoka.

Baadaye Crytek wakajiunga na Electronic Arts, wakatengeneza Crysis mwaka 2007. Jina la Far Cry likabaki mikononi mwa Ubisoft, na kazi ikapelekwa ofisi yao ya Montreal, Kanada, chini ya mkurugenzi Clint Hocking. Bwana huyu akatupa kila kitu. Jack Carver nje, visiwa nje, majitu nje. Akaelekea Afrika.

NYASI, MOTO NA NENO LETU

Tuseme haki: kazi ilifanyika. Watengenezaji walisafiri hadi Kenya kujionea wenyewe, na matunda ya safari ile yanaonekana. Mtu aliyekulia bara akilitazama jua la asubuhi la mchezo ule, vumbi jekundu la barabarani na nyasi zilizokauka rangi ya dhahabu, atatikisa kichwa. Na nyasi zile zinawaka kweli kweli! Tupa chupa ya petroli upepo ukikuelekea, moto utarudi kwako mwenyewe. Hakuna gemu nyingi za zama zile zilizouweza moto namna hiyo.

Kuna jingine ambalo wachezaji wengi wa ughaibuni hulipita bila kulijali. Mtambo wa programu unaoendesha mchezo huo, ule unaochora miti na kupuliza upepo, Ubisoft waliupa jina Dunia. Ndiyo, dunia hii hii yetu! Neno tumelichukua kwa Waarabu, na si sisi peke yetu tuliolichukua, kwa hiyo tusijisifu sana. Lakini mtambo huo na warithi wake wenye jina hilo ndio ulioendelea kubeba Far Cry zilizofuata, mwaka hadi mwaka, hata zile za Himalaya na Marekani.

Nchi yenyewe imechanganywa kama pilau la shughuli. Jangwa liko hapa, msitu mzito pale, mbuga katikati, vyote ndani ya kilometa za mraba hamsini hivi. Eneo la kaskazini linaitwa Leboa-Sako, na leboa kwa Kisotho cha Kaskazini ni kaskazini kweli. Kwa hiyo mandhari ya Kenya, majina yenye harufu ya Afrika Kusini, almasi zinazokumbusha vita vya Sierra Leone. Wao wameita Afrika, wakamaliza.

Vita ni kati ya makundi mawili, UFLL na APR. Moja linajiita la ukombozi na kazi, jingine la upinzani wa umma. Ukishafanya kazi za pande zote unagundua kwamba hawana tofauti hata ya nukta. Wote wanakukodi, wote wanakulipa kwa almasi, na wote silaha wamenunua kwa yule yule uliyetumwa kumuua, jina lake Mbweha.

KIZUIZI KISICHOKUFA

Sasa tuje kwenye songombingo lenyewe. Ukimtaka mtu anayeichukia Far Cry 2, mtajie neno moja: vizuizi.

Kila njia ya nchi ile ina kizuizi. Unafika, wanakufyatulia, unapambana, unawamaliza, unaokota risasi, unaondoka. Umekwenda mbele kidogo, umekumbuka kitu, unageuza gari. Loo! Kizuizi kimejaa tena, na wanakufyatulia kama vile hamjawahi kuonana. Dereva wa basi la mkoani anaijua hali hii. Umemalizana na trafiki asubuhi, jioni unakuta mwingine anaanza upya na leseni.

Halafu bunduki. Ukiokota ya adui imeshaliwa na kutu, inakwama katikati ya mapambano, na ukiing'ang'ania sana inaweza kukulipukia mkononi. Halafu malaria yenyewe. Kila baada ya muda inapanda, kioo kinageuka ukungu, lazima umeze kidonge. Vidonge vikiisha huvinunui dukani. Unakwenda kwa raia waliojificha, unawapelekea hati za kusafiria ili watoroke nchi, nao wanakupa dawa.

Kambi moja inasema huu ni usumbufu mtupu. Mtu katoka kazini kachoka, kanunua mchezo kwa fedha zake ili apumue, halafu mchezo unamuuguza! Kambi ya pili inajibu kwamba hapo ndipo utamu ulipo. Vita haina starehe. Bunduki zinakwama, watu wanaugua, na adui uliyemuua leo kesho nafasi yake imejazwa na mwingine mwenye njaa. Kwa hawa, ukiondoa karaha umeondoa mchezo wote.

Inaonekana Hocking alikuwa upande wa pili. Mwaka 2007, akiwa katikati ya kazi hiyo, aliandika makala ya kuukosoa mchezo mwingine uliosifiwa sana, BioShock, akisema hadithi yake inahubiri hili na uchezaji wake unahubiri lile. Yeye akataka vyote viwili viseme lugha moja. Kama hadithi inasema vita ni uchafu, basi na vidole vinavyobonyeza vionje uchafu huo.

Na kuna mahali ambapo hata wengi wa wanaoponda huinua mikono. Mle ndani una marafiki, mamluki wenzako. Ukianguka, rafiki anatokea, anakuburuta mpaka penye kificho, anakuweka sawa, mnaendelea. Sasa ngoja siku aanguke yeye. Unamkuta chali, damu inamtoka, anakutazama. Una sindano za mofini. Unamdunga ya kwanza, bado analia. Ya pili. Ukiendelea kudunga unamwua kwa mkono wako. Unaweza kummaliza kwa risasi ya huruma, au unaweza kuinuka ukaenda zako naye anakuita. Hakuna alama utakazopewa kwa lolote kati ya hayo. Jamani, hiyo ni gemu!

Basi hapo hapo kwenye uzito huo kuna vichekesho. Gari likiharibika, liwe jipu la jeshi au kigari cha mwaka arobaini na saba, unafungua boneti, unatoa spana, unakaza nati moja, tayari linawaka. Mafundi wetu wa gereji wangekufa njaa.

MALARIA GANI HIYO?

Hapa naomba nami nitie neno, maana malaria siyo jambo la kusimuliwa na watu wa Montreal.

Malaria ya mle ndani ni ya sinema. Inapanda katikati ya mapambano, unameza kidonge kimoja, sekunde tatu baadaye unapiga shabaha kama kawaida. Aliyewahi kuumwa anajua: siku ya kwanza hata kikombe cha uji hukiinui, sembuse bunduki. Na dawa mseto inamezwa asubuhi na jioni kwa siku tatu, mdomo mchungu, masikio yanalia.

Lakini nawapa haki yao kwa jambo moja. Katika gemu nyingi za risasi ugonjwa haupo kabisa, mtu anapigwa risasi kumi anajibanza nyuma ya ukuta anapona. Hawa walau walijua kwamba Afrika kuna kitu kinachoua kuliko bunduki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na 95 katika kila mia walikuwa kanda ya Afrika, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa idadi hiyo, vita vya UFLL na APR ni mzaha.

Kasoro ni kwamba katika mchezo anayeugua malaria ni nani? Mgeni! Mamluki aliyekuja juzi na almasi mfukoni. Unapoanza unachagua mtu mmoja kati ya tisa: Mmarekani yumo, Mchina yumo, wa Haiti yumo, wa Kosovo yumo. Mwaljeria yumo na wa Mauritius yumo. Mwenyeji wa nchi yenyewe? Hata mmoja hayumo. Hao wenyeji unawakuta vyumbani, wamejificha, wanangoja hati zako.

Na barabarani hamna mtu! Unaendesha gari kilometa na kilometa, hakuna mama mwenye ndoo kichwani, hakuna mtoto wa shule, hakuna mzee na baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Vituo vya mabasi vipo, abiria huwaoni. Vibanda vipo, muuzaji hayupo. Utakayekutana naye ana bunduki, na anakufyatulia kabla ya salamu. Pundamilia na swala ndio raia wanaotembea kwa uhuru, na hata simba hawakuletwa.

Wanaoutetea mchezo wanasema raia wamekimbia vita. Sawa. Lakini vita halisi hazipo hivyo. Kongo ya Mashariki imekuwa na vita miaka nenda rudi na soko linaendelea, harusi zinafungwa, daladala zinajaza. Nchi yenye vita ina watu wengi kuliko askari. Hilo Far Cry 2 haikuliona, na katika ubishi wote wa vizuizi na vidonge ni wachache wanaolitaja.

Mwisho wake lakini, loo, ni mzito. Mbweha yule yule anageuka kuwa anayetaka kuwaokoa raia. Mmoja wenu alipue njia ili majeshi yasiwafuate wakimbizi, mwingine apeleke almasi mpakani awahonge walinzi wafungue. Na kazi ikiisha wote wawili mfe, kwa kuwa ninyi ndio ugonjwa wenyewe. Hakuna bendera, hakuna shangwe. Mchezo unaisha. Wapo waliotupa rimoti kwa hasira, na wapo wanaosema haijawahi kutengenezwa Far Cry nyingine yenye ujasiri ule.

CHIZI AMBAYE KILA MTU ALIMPENDA

Ubisoft wakasikiliza malalamiko, na mwishoni mwa 2012 wakaleta Far Cry 3. Malaria hakuna. Kutu hakuna. Kizuizi? Ukiiteka kambi imetekwa, wenzako wanakuja kukaa, bendera inapanda, hakuna wa kuirudisha. Panda mnara wa redio, sehemu ya ramani inafunguka. Winda nguruwe na chui, chuna ngozi, jishonee pochi na mikoba. Kila dakika kuna zawadi.

Na wakaja na adui anaitwa Vaas, aliyeigizwa na Michael Mando. Kichwa kimenyolewa pembeni, macho hayatulii, anaongea taratibu kuhusu maana ya uwendawazimu halafu anakusukuma shimoni umefungwa jiwe. Huyo ndiye sura ya Far Cry mpaka leo. Washabiki wanamtaja kama mtu wa mtaa wao. Lakini Vaas anauawa kabla mchezo haujaisha! Nafasi yake inashikwa na bosi wake Hoyt, mfanyabiashara ya utumwa kutoka Afrika Kusini, na watu wengi wanakiri kuwa toka hapo chumvi ikapungua.

Malalamiko makubwa zaidi ni ya Jason Brody, mhusika mkuu. Kijana wa Kimarekani, mtoto wa starehe, kaja kuruka na mwavuli, wakatekwa na wenzake. Kisiwani kuna wenyeji, Rakyat, jina ambalo kwa Kimalay ni wananchi, na mzizi wake wa Kiarabu ndio huo huo uliotupa sisi raia. Wamepigana na maharamia miaka yote bila kushinda. Jason anafika, anachorwa chale mkononi, siku chache tu amekuwa shujaa wao mkuu, anaua kuliko wote. Anayemfundisha ni Dennis, mtu aliyezaliwa Liberia, aliyejitoa kwa wenyeji hao roho na mwili. Dennis hakuwa shujaa. Jason akawa!

Wachezaji wakauliza: hii ndiyo ile hadithi ya zamani ya mzungu mkombozi? Mwandishi wake, Jeffrey Yohalem, akajitetea kwamba ni kejeli, kwamba mchezo unamcheka mchezaji anayependa hadithi za namna hiyo. Wapo waliokubali. Wengine wanasema kejeli ambayo lazima mwenyewe aje kuieleza, hiyo imechemsha.

Mimi nadhani Yohalem alisema kweli kuhusu nia yake, na wachezaji wanasema kweli kuhusu walichokiona. Utamu wa kuteka kambi ulikuwa mkubwa mno, nani angesikia kejeli?

KAA UNGOJE

Novemba 2014 ikaja Far Cry 4, nchi ya kubuni Kyrat, milimani, mfano wa Nepal. Mtawala ni Pagan Min, suti ya waridi, nywele za dhahabu. Wewe ni Ajay Ghale, umerudi na majivu ya mama yako. Pagan anakukaribisha mezani, anasema ngoja hapa, nakuja, kula. Mchezaji wa kawaida akiachwa peke yake anatoroka, na vita inaanza, masaa kibao.

Sasa sikia. Ukitii, ukakaa pale pale kama robo saa bila kufanya lolote, Pagan anarudi! Anakusindikiza ukaweke majivu ya mama, mchezo unaisha kwa amani. Hakuna risasi hata moja. Umenunua gemu ya bunduki, umemaliza kwa kukaa kwenye kiti.

Hapo napo wamegawanyika. Mmoja anaona ni utani wa bei mbaya, mwingine anaona ni jambo la akili kuliko yote yaliyomo. Na ukiwafuata waasi, viongozi wao wawili, Amita na Sabal, yeyote utakayempa nchi anaiharibu kwa njia yake. Wachezaji wengine wakaanza kusema kumbe Pagan alikuwa nafuu! Zaidi ya hapo lawama ilikuwa moja: hii ni Far Cry 3 iliyovishwa sweta. Minara ile ile, kambi zile zile, kumeongezwa tembo wa kupanda na nyegere wakorofi wasiokufa.

Zilizofuata nazipitia haraka. Far Cry Primal ya 2016 ilirudi enzi za mawe, bila bunduki, na lugha ya wahusika ikatungwa na wataalamu wa isimu. Kazi nzuri, ila wapenda bunduki walinuna. Far Cry 5 ya Machi 2018 ikahamia Montana, Marekani, kwa mhubiri Joseph Seed na wafuasi wake wenye silaha. Minara ikafutwa, watu wakashangilia, na Ubisoft wakatangaza mauzo ya dola milioni 310 katika wiki ya kwanza. Pamoja na fedha hizo zote kelele zilikuwa mbili. Unatekwa na watu wa Seed kwa lazima, hata uwe juu ya mlima peke yako. Na mwisho mabomu ya nyuklia yanashuka, kwa hiyo yule mwendawazimu aliyetabiri kiama alikuwa sahihi! Watu walicheza wiki mbili kumpinga, halafu wakaambiwa hivyo.

Far Cry 6 ya Oktoba 2021 ilikwenda Yara, kisiwa kilichoigwa Cuba, na dikteta wake akaigizwa na Giancarlo Esposito. Jina kubwa, lakini wengi walilalamika haonekani vya kutosha. Kilichoonekana ni mbwa mdogo mwenye magurudumu na mchezo wa kupiganisha majogoo uliowaudhi watetezi wa wanyama. Hapo napo, ukipata mashua mapema ukaamua kuondoka zako Yara, mchezo unaisha.

(Akina mama mnaosoma hapa: Marekani michezo hii yote ina alama ya miaka 17 kwenda juu. Kama mwanao wa darasa la tano anamjua Vaas kwa jina, muulize alikutana naye wapi.)

SASA JE?

Machi 2025 Ubisoft walitangaza kwamba Far Cry, pamoja na Assassin's Creed na Rainbow Six, zitawekwa chini ya kampuni tanzu mpya, na Tencent ya Uchina itatia euro bilioni 1.16 ichukue karibu robo ya umiliki. Mtu hatoi fedha za namna hiyo ili atengeneze mchezo wa kukuuguza. Wale wa kambi ya pili wameshaanza kuzika.

Tangu 2008 Far Cry kubwa haijarudi Afrika. Lakini wapo wengi wanaoomba ile ya pili itengenezwe upya kwa mitambo ya leo, na ukisikiliza matakwa yao utacheka, kwa kuwa ni ule ule ugomvi. Huyu anataka malaria iondolewe. Yule anasema mkiiondoa malaria msiniite. Huyu anataka vizuizi vikae kimya walau saa moja, yule anataka vibaki kama vilivyo. Simba wanatakiwa na kambi zote mbili. Kuhusu kuweka watu barabarani, wa kuuza vitumbua, wa kusukuma mikokoteni, wa kumsimamisha yule mamluki wakamuuliza kafuata nini hapa, sijasikia wengi wakidai.